Bomu la Shemeji

Ditekta yangu ya zamani ya kutafuta metali ilijua neno moja tu: tii. Msumari, tii. Kifuniko cha chupa, tii. Ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, tii. Mara chache sarafu, nayo tii ile ile, bila heshima yoyote ya ziada. Niliipata ikiwa imeshapita mikononi mwa watu kadhaa, na waya wa hedifoni zake ulikuwa umeviringishiwa soloteipu huku na huku mpaka hujui waya ni upi na kiraka ni kipi. Ila ule waya ulikuwa na kazi ambayo sikuitambua mpaka nilipouacha: ulinifunga kwenye mashine. Nikitaka kwenda popote, ama niibebe ditekta, ama nivue hedifoni. Mashine mpya haina waya. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Mpya inajua kuongea. Ina kioo kinachoonyesha namba kuanzia 0 hadi 99, na kila namba ina mlio wake: chuma kinakoroma chini kabisa, karatasi ya alumini juu yake kidogo, dhahabu katikati, halafu shaba na fedha zinaimba huko juu kwa sauti nyembamba. Tena inatuma masafa mengi, yaani mitetemo ya kasi tofauti tofauti, kwa wakati mmoja, ya chini yanayozama mbali na ya juu yanayonasa vitu vidogo vidogo vya dhahabu. Ya zamani ilikuwa na masafa ya aina moja tu, na ukiipeleka kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari ilipiga kelele bila kupumzika, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme na mashine ilidhani bahari nzima ni sarafu. Hii mpya ina mpangilio wake wa ufukweni. Unabonyeza kitufe, unaishusha na kuipandisha koili, ile sahani ya chini inayotafuta, juu ya mchanga mpaka mashine izoee ardhi ile, inanyamaza, unaanza kazi. Anayekuona kwa mbali anadhani unaiapisha ardhi.

Pamoja na makeke yote hayo, dhahabu haiijui. Watu hawapendi kuambiwa hivi, hasa wale wanaofikiri unafika tu ufukweni na kuvuna. Koili inatuma nguvu ya sumaku chini, sumaku inaamsha umeme mdogo unaozunguka ndani ya kitu kilichofukiwa, na mashine inasikiliza jibu la umeme huo. Basi. Jibu la pete ya dhahabu halina tofauti ya maana na jibu la kile kidude cha kuvuta unapofungua kopo la kinywaji. Nilijaribu nyumbani mezani. Pete yangu ya ndoa: 58. Kidude cha kopo: 57. Kidude kingine cha kopo, kilichopindapinda: 58. Anayetaka dhahabu lazima akubali kuchimba takataka za alumini, na anayezikataa aridhike na sarafu za shaba. Mkufu ndio balaa zaidi, maana mashine inakisoma kila kijipete cha mnyororo peke yake, na mkufu wa mtu unaweza kupita chini ya koili ukinong'ona tu.

Nilikuwa bado naisoma mashine hiyo, bado nabonyeza kitufe hiki kuona kinafanya nini, shemeji aliponipigia simu. Huyu ni mume wa dada yangu mkubwa, mtu mzima, mwenye sauti ya kuongoza vikao. Siku hiyo alikuwa ananong'ona.

"Shemeji, ile mashine yako inafika chini kiasi gani?"

"Kwa sarafu, mchanga ukiwa mzuri, kama shibiri moja."

"Na kwa pete?"

"Pete ya nani?"

Kimya. Nikasikia mawimbi ya bahari na mtoto analia.

"Njoo huku ufukweni," akasema. "Na usimpigie dada yako. Yeye pia yuko huku."

Nilimkuta amesimama peke yake kwenye mchanga, suruali ya bluu ameikunja juu kidogo ya vifundo vya miguu, mkono wa kushoto ameuficha mfukoni. Akautoa kidogo, akanionyesha kidole kitupu, akaurudisha haraka. Dada alikuwa amekwenda na watoto upande wa mbali kabisa, kwenye maji ya kina kifupi, na angerudi wakati wowote.

"Ilikuwa hapa," akasema, na mkono wake wa kulia ukafagia nusu nzima ya ufukwe.

"Hapa wapi, shemeji?"

"Nilipaka mafuta ya jua. Nikaona inateleza. Nikaivua nisiipoteze."

"Ukaiweka wapi?"

"Hapo ndipo mimi na wewe tunapotafuta."

Sikumlaumu. Pete nyingi hupotea kwenye maji na mchanga kwa namna hiyo hiyo, ama mafuta, ama baridi ya maji inayosinyaza vidole. Na dhahabu ikishaanguka mahali penye mchanga uliolowa haisubiri. Ni nzito kuliko mchanga mara kadhaa, kila wimbi linalotikisa ufukwe linaishusha kidogo, mpaka ifike kwenye tabaka gumu huko chini. Nikavaa glavu. Nikavaa koti langu la mifuko mingi. Nikafunga kiunoni kile kijiti cha mkononi kinachotetemeka ukikisogeza karibu na metali, nikashika koleo la matundu, nikavaa hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima, nikaanza kuiapisha ardhi. Pembeni, chini ya mwavuli, mzee mmoja alishusha gazeti lake akaanza kunitazama.

Nilianza na mistari, nikitokea kwenye maji kwenda juu. Kifuniko cha chupa. Kidude cha kopo. Kidude cha kopo. Waya wa nywele. Halafu nikapitisha koili karibu na miguu ya shemeji na mashine ikaimba mlio ambao nilikuwa nimeukariri nyumbani: 58, safi, kwenda na kurudi. Nikapiga magoti. Nikachota mchanga, nikauchekecha, hakuna kitu. Kijiti kimya. Nikapitisha koili tena juu ya kishimo: kimya. Shemeji alikuwa amesogea hatua moja pembeni ili aone vizuri. Nikapitisha koili pale alipohamia: 58.

Nikamwambia asogee. Akasogea. Pale alipokuwa, kimya. Pale alipo, 58.

"Shemeji, una simu mfukoni?"

"Ninayo."

"Ndiyo hiyo. Simu zinaichanganya mashine."

Na ni kweli, simu inaichanganya sana ditekta, mtu yeyote wa kazi hii atakwambia. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, yalimpata makubwa kuliko haya. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, madaktari wakashindwa kujua risasi imelala wapi mwilini, Bell akaitwa na chombo alichokitengeneza cha kutafuta metali kwa sauti. Akapima, akapata sauti zisizoeleweka, kumbe kitanda cha rais kilikuwa na springi za chuma. Isitoshe, daktari mkuu alikuwa na uhakika risasi iko upande wa kulia, ndiko Bell alikoelekezwa, na risasi ilikuwa kushoto. Rais alifariki Septemba mwaka huo huo. Kisa hiki napenda kuwasimulia watu ili waelewe kwamba jambo la kwanza katika utafutaji ni kuondoa kila metali iliyo karibu na koili.

Kwa hiyo nikamwondoa shemeji.

"Kaa kule," nikamwonyesha, mbali kidogo, karibu na mwavuli wa yule mzee. "Na usinisogelee mpaka nikuite."

Haya yanayofuata niliyasikia baadaye, kutoka kwa watu ambao hawakuwa wananipenda wakati wanasimulia. Wakati huo mimi masikio yangu yalikuwa yamezibwa sawasawa.

Mzee alimuuliza shemeji, "Yule kijana anatafuta nini?"

Jibu lilikuwa fupi na rahisi. Lakini asubuhi ile mzee huyo alikuwa amepiga soga na dada yangu muda mrefu sana, wakataniana, wakawa ndugu. Shemeji akaona kwamba neno "pete" likitamkwa hapa litafika kule kabla halijapoa. Akasema, "Kazi maalumu, mzee."

"Maalumu namna gani?"

"Ya usalama. Sina ruhusa ya kusema."

Hakuna kinachokusanya watu haraka kuliko mtu asiye na ruhusa ya kusema. Wakaja vijana waliokuwa wanacheza mpira. Akaja mama mmoja na taulo kichwani. Ikaja familia nzima na godoro lao la kuelea. Mama wa taulo ndiye aliyeuliza kile ambacho wengine walikuwa wanakizunguka: "Ni bomu?"

Shemeji anaapa mpaka leo kwamba hakusema ndiyo. Ninamwamini. Alichosema ni, "Mama, naomba tu mrudi nyuma kidogo."

Sasa, wale watu hawakuwa wajinga. Mashine hizi zina historia. Afisa wa Poland, Józef Kosacki, alibuni ditekta ya kubebwa na mtu mmoja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1942 wanajeshi wa Uingereza walizitumia kusafisha mabomu ya ardhini kule El Alamein, Misri. Kisha nitazameni mimi. Hedifoni. Glavu. Koti la mifuko. Naenda hatua moja moja, koili inafagia sentimita chache juu ya mchanga, nasimama, napiga magoti, nafukua kwa ncha za vidole huku nimezuia pumzi. Anayefukua pete na anayefukua bomu hawana tofauti kwa macho: wote wawili wanaogopa kukigonga kitu.

Na mimi, katika ukimya wangu, nikapata 94.

Waliowahi kusikia mlio wa namba kama hiyo wanaelewa. Ni mwembamba, mtamu, hautetemeki. Kwenda, 94. Kurudi, 94. Nikazunguka nikapima kwa upande: 94. Hiyo ni namba ya fedha, fedha nzito. Kipimo cha kina kwenye kioo kikasema sentimita 10. Nilijua vizuri kwamba pete ya shemeji ni 58 na kwamba shemeji anahesabu dakika. Lakini nikamkumbuka Eric Lawes. Mwaka 1992, kijijini Hoxne, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo yake shambani, akamwomba Lawes aje na ditekta amtafutie. Lawes akakuta hazina ya Kirumi, sarafu za dhahabu na fedha karibu 15,000, vikuku, vijiko, na nyundo nayo ikapatikana. Leo hazina iko kwenye jumba la makumbusho la British Museum, na nyundo iko huko huko. Yaani mtu alitumwa kitu cha mtu mwingine, akasikia mlio, akachimba. Nani angemwambia "acha hiyo, tafuta nyundo"?

Nikachimba.

Sentimita 10, hakuna kitu. Nikaweka koili juu ya shimo: 94, na sasa mlio umekuwa mkubwa zaidi. Nikachimba mpaka kiwiko. Hakuna kitu. Hapa kuna siri ambayo kitabu cha maelekezo kinaitaja kwa herufi ndogo: kipimo cha kina kinakisia kwamba kilichofukiwa ni kitu cha ukubwa wa sarafu. Kitu kikubwa kilicho mbali kinapiga sauti sawa na kitu kidogo kilicho karibu, na mashine inaandika sentimita 10 kwa moyo mweupe. Nikalala kifudifudi, mkono mzima ndani ya shimo, shavu kwenye mchanga. Kijiti kikaanza kutetemeka kila ninapokigusisha, kushoto, kulia, chini. Kitu kilikuwa kipana kuliko shimo.

(Kwenye mstari wa watu, wananiambia, huu ndio wakati mtu wa kwanza alipoanza kukusanya vitu vyake.)

Nikapanua shimo. Vidole vikagusa ukingo. Ukingo ulikuwa na magamba, na magamba yalipobanduka yaliacha rangi nyekundu kwenye glavu. Kutu. Fedha haipati kutu. Moyo ukashuka, lakini mtu akishafika kwenye kiwiko harudi nyuma. Na hili pia wenzangu wa kazi wanalijua: chuma kikubwa cha mviringo, hasa chenye tundu katikati, kinaidanganya hata mashine mpya, maana umeme unapata njia nzuri ya kuzunguka, na jibu linapanda mpaka kwenye namba za fedha. Ukiona 94 tamu kupita kiasi, uliza kwanza kama si chuma cha duara. Sikuuliza.

Kilitoka taratibu, kwa kukitikisa huku na huku, mchanga uking'ang'ania kukibakiza. Duara la chuma, upana wa sinia, unene wa kiganja, kimefunikwa na kutu na makombe madogo yaliyoota ukingoni. Katikati kilikuwa na kipande cha bomba kilichosimama wima, na kwenye bomba kulikuwa na bolti ya kukazia iliyoganda. Nikaifuta bolti kwa kidole gumba na nikajua mara moja ni nini. Kitako cha mwavuli. Ile miavuli mikubwa ya ufukweni inachomekwa kwenye vitako vya chuma ili upepo usiondoke nayo. Hiki kilikuwa kimezikwa na mchanga, mwenyewe kakata tamaa.

Nikacheka peke yangu. Nikakikumbatia kifuani, maana kilikuwa kizito, nikainuka, nikageuka ili nimwonyeshe shemeji.

Watu wote walikuwa wanakimbia.

Jiwekeni mahali pangu. Nina hedifoni, sisikii kitu. Nyuma yangu ni bahari. Mbele yangu kuna umati unaoikimbia bahari, midomo wazi, mama wa taulo hana taulo, mzee anakimbia na mwavuli wake ukiwa umefunguka, upepo unamvuta kushoto naye anakazana kwenda upande wa kulia. Godoro la kuelea limeachwa. Mtu mwenye akili timamu anayeona hivyo anafikiri nini? Anafikiri bahari inakuja. Sikugeuka hata kuangalia. Nikakimbia.

Watu wameniuliza sana kwa nini sikukitupa kile chuma. Wanaouliza hawajawahi kukimbia wakiwa wamekumbatia kitu. Mikono na miguu zilikuwa kwenye kazi mbili tofauti na hazikuwa na nafasi ya kushauriana.

Wao waligeuka kutazama nyuma, wakaona bomu linawafuata. Wakakata kushoto. Mimi niliamini wanajua njia ya kwenda mwinuko, nikakata kushoto. Wakakata kulia, nikakata kulia. Kijana mmoja wa mpira, mwenye mbio kweli kweli, aligeuka mara tatu na kila mara alinikuta bado nipo. Nilimpungia kichwa kumshukuru kwa kutuongoza. Yule kijana akaanza kulia.

Tulikuwa tumezunguka nusu duara, nikawa nakaribia tena upande wa shimo langu, ndipo masikio yangu yaliposhtuka. Hedifoni zisizo na waya zikienda mbali na mashine zinanyamaza, na ukirudi karibu zinashika tena mawasiliano zenyewe. Zikashika.

Tii. Tii. Tii.

Sio tii ya zamani. Ilikuwa ile niliyoikariri mezani. Hamsini na nane.

Nikapunguza mwendo. Mashine niliiacha imelala mchangani kando ya shimo. Na ditekta ya aina hii haiimbi kitu kikiwa kimetulia. Lazima koili ipite juu ya kitu, au kitu kipite juu ya koili. Mashine imelala, kwa hiyo kuna kitu kinapita. Nikatazama. Ufukwe ulikuwa mtupu, isipokuwa shemeji, amesimama kando ya mashine yangu, simu ameiinua juu kabisa ya kichwa akitafuta mtandao ili amzuie dada asirudi. Kwa wasiwasi alikuwa anahama mguu mmoja kwenda mwingine. Kila mguu wa kulia ulipopita juu ya koili: tii.

Simu iko hewani, urefu wa mtu juu ya koili. Si simu.

Nikageuza mwelekeo, nikamkimbilia.

Shemeji ndiye mtu pekee pale ufukweni aliyejua kwamba hakuna bomu, kwa kuwa alilitengeneza mwenyewe kwa mdomo wake. Lakini mtu akishaona umati mzima unakimbia anaanza kujiuliza kama hakusema kweli kwa bahati. Nikaona magoti yake yanajiandaa. Akikimbia, pete inaruka, inaanguka mchangani, na safari hii tutakuwa tunatafuta njia nzima ya mbio zake. Nikapaza sauti. Mtu mwenye hedifoni hajui anapiga kelele kiasi gani, kwa hiyo nilisikika, wananiambia, mpaka barabarani:

"SHEMEJI USIINUE MGUU! UKIINUA MGUU TUMEKWISHA!"

Akaganda. Mguu wa kulia ulikuwa tayari umenyanyuka kidogo kisigino, akaushusha polepole polepole, macho yamefumba, midomo inasali. Huko mbali umati wote ulisikia maneno yale yale na ukaelewa inavyoeleweka. Nikaacha kitako cha mwavuli kidondoke mchangani, kikatoa mshindo mzito, na nilipotazama juu, watu wote waliokuwa wamesimama walikuwa wamelala chini mikono kisogoni.

Nikapiga magoti mbele ya shemeji. Nikavua glavu. Ile suruali ya bluu ilikuwa imekunjwa mikunjo mitatu, mikunjo mizito ya kitambaa kigumu. Nikaanza kuufungua mguu wa kulia, kunjo la kwanza, mchanga ukamwagika. Kunjo la pili, mchanga na kipande cha kombe. Kunjo la tatu lilikuwa na uzito. Nikaweka kiganja chini yake, nikaligeuza, na pete ya ndoa ya dada yangu na shemeji ikateleza ikiwa imepakwa mafuta ya jua na mchanga, ikatua kiganjani. Aliivua, akadhani anaitia mfukoni, ikapita nje ya mfuko ikashuka mpaka kwenye pindo. Ilikuwa imetembea naye muda wote. Hata pale nilipomfukuza.

"Nimelipukiwa?" akauliza, macho bado yamefumba.

"Fungua macho, uvae pete."

Aliipokea kwa mikono inayotetemeka. Wakati huo walinzi wawili wa ufukweni walikuwa wanakuja, mmoja na filimbi mdomoni, mwingine na kipaza sauti ambacho alikuwa anakitumia ingawa alishafika hatua chache tu kutoka kwetu. "WEKA CHINI! WEKA CHINI!" Kilikuwa chini tayari. Mwenye filimbi alikizunguka kitako, akainama, akakigonga bolti kwa ncha ya kiatu. Akaitema filimbi.

"Hiki si kitako cha mwavuli?"

"Ndicho," nikasema.

"Ni changu!" ikatoka sauti nyuma. Mwanamume mnene mwenye kofia pana alikuwa anachechemea kutoka kwenye umati, suruali imejaa mchanga tumboni. Ndiye mwenye kukodisha miavuli. Kitako hicho kilizama wakati wa dhoruba, akasema, na si hicho tu, kuna kingine, na kama kijana ana mashine inayoweza kukiona, basi asiondoke. Mzee wa gazeti alirudi kuuliza gazeti lake limekanyagwa na nani. Mama wa taulo alimkabili shemeji na maneno ambayo sitayaandika. Mlinzi wa kipaza sauti alinitaka jina, akaniuliza kama nina kibali cha kuchimba, na hapo niseme jambo moja la kweli: kabla ya kuchimba ufukwe wowote ulizia kwa wenye ufukwe, kwa sababu sheria zinatofautiana na majibu ya kubahatisha hayamfurahishi mlinzi. Mimi nilikuwa nimeuliza mapema. Akaonekana kusikitika kidogo.

Ndipo dada alipofika, watoto wawili mbele, mmoja mgongoni, analowa kuanzia kiunoni.

"Nimeambiwa kuna mtu amekanyaga bomu," akasema. "Amevaa suruali ya bluu imekunjwa."

Wote tukatazama suruali. Mguu mmoja umekunjwa, mmoja umeshuka mpaka chini.

"Hakuna bomu, mama watoto," shemeji akasema, sauti ya vikao imemrudia kidogo. "Tulikuwa tunamsaidia huyu bwana. Alipoteza kitako cha mwavuli."

Mwenye miavuli akaitikia kwa nguvu zote. "Ni kweli kabisa, dada. Changu. Cha siku nyingi."

Ilikuwa inaelekea kupita. Dada alikitazama kitako, akalitazama shimo, akanitazama mimi na hedifoni zangu shingoni, na uso wake ulianza kulegea. Akamshusha mtoto. Akamsogelea mumewe amfute mchanga shavuni, akamshika mkono.

"Baba watoto," akasema, "mbona pete imehamia mkono wa kulia?"

Shemeji akanigeukia mimi. Mwenye miavuli alikuwa bado ananionyesha kwa kidole upande kilikozama kile kitako cha pili, kule mbali, karibu na mawe. Nikavaa hedifoni, nikaokota mashine, nikaelekea huko.